Kompyuta Kuukuu Haijafa: Soma Kosa la Kwanza

Mitihani imekwisha, bumu nalo limekwisha kabla ya mitihani kama kawaida yake. Leo siandiki habari za kantini wala za matokeo. Kuna hoja moja inanikereketa tangu nirudi kampasi kutoka likizo nyumbani Tukuyu, na nataka tuijadili hapa bila kuoneana haya.

Hoja yenyewe ni hii: sisi tunaosoma kompyuta tumekuwa wepesi mno wa kuitangaza mashine kuwa imekufa wakati iko hai. Programu imegoma kukompaili, maandishi yamejaa skrini nzima, basi tunahukumu, "hii ya zamani bwana, tupa". Mimi napinga. Mara nyingi mashine imeshasema inachotaka, tena kwa maneno machache tu. Hakuna aliyesoma.

Mtasema napiga kelele za bure. Ngoja niwape mfano. Kule Rungwe kuna shule moja ya sekondari, jina naliweka kapuni, ina kompyuta za mezani kumi na moja za msaada. Prosesa zake ni Core 2 Duo E8400, zile zilizoingia sokoni mwaka 2008, memori GB 2, na ndani kuna Ubuntu 16.04. Mwalimu wa pale alitaka vijana wa klabu ya kompyuta wajifunze mtandao: seva ni nini, mteja ni nani, anwani ya IP inagawiwaje. Hela ya kununua seva na ruta hakuna. Njia iliyobaki ni mashine pepe, yaani kompyuta moja inaigiza kompyuta mbili tatu ndani yake, zinaongea zenyewe kwa zenyewe kama vile ziko vyumba tofauti.

Akaja mtaalamu mmoja, akashusha toleo jipya kabisa la QEMU, akajaribu kulikompaili, likagoma. Akajaribu tena, likagoma. Akafunga begi na kutoa hukumu kwamba mashine hizo hazikubali mambo ya mashine pepe, zifutwe kwenye orodha. Kompyuta zikafunikwa vitambaa, na vijana wakaendelea kuchora seva ubaoni kwa chaki. Ndiyo maana nasema suala hili si la wapenda kompyuta peke yao. Kosa moja lisiposomwa, darasa zima linakosa somo.

Sasa twende taratibu. Swali la kwanza ambalo wengi hatulijui au tunaliruka: hivi kuna haja ya kukompaili? Ubuntu 16.04 inakuja na QEMU 2.5 kwenye pakiti zake. Kwa darasa la seva moja na wateja wawili wa maandishi matupu, kila mmoja akipewa memori ya MB 256, hiyo QEMU 2.5 inatosha na kubaki. Huhitaji kukompaili chochote. Pale Rungwe kilichokuwa kinazuia ni kitu kingine kabisa. Ukiangalia /proc/cpuinfo unaona neno vmx, maana yake prosesa ya Intel ina uwezo wa kubeba mashine pepe (za AMD neno ni svm). Lakini ukiandika dmesg unakuta mstari huu: kvm: disabled by bios. Maneno matatu tu baada ya jina! Uwezo upo, umezimwa kwenye BIOS, na kompyuta nyingi za ofisini zilitoka hivyo hivyo. Unaingia BIOS, unawasha, unazima mashine kabisa kisha unaiwasha upya. Nilikaa na mwalimu siku mbili, tukamaliza zote kumi na moja na muda wa kunywa chai ukabaki. Si kwamba mimi ni mjanja sana. Ule mstari ulikuwa pale miaka yote.

Haya, kuna wakati kukompaili ni lazima kweli. Hapa kampasi kozi ya usanifu wa kompyuta inatutaka tuendeshe programu za RISC-V, na QEMU ilianza kuiga RISC-V kwenye toleo 2.12 la mwaka 2018. Ile 2.5 haina. Kwa mwenye mashine ya Ubuntu 16.04, hapo ndipo mchezo unapoanza, na hapo ndipo watu wanapochemsha.

Kinachowaponza wengi ni kukimbilia toleo jipya kuliko yote kwa kuwa limeandikwa "la karibuni". Jamani, toleo jipya lina masharti yake. QEMU ya miaka hii inataka kompaila mpya na Python mpya. Ubuntu 16.04 ina GCC 5.4 na Python 3.5. Hapo si ubovu wa mashine wala uadui wa mtu. Ni sawa na fundi wa pale stendi ya Tukuyu kupachika gia boksi ya gari la juzi kwenye Land Rover ya zamani. Hata bolti hazitakutana. Fundi mwenye akili anatafuta spea ya umri wa gari.

Umri wa spea unaujuaje? Soma masharti ya toleo kabla hujashusha. QEMU 4.2, iliyotoka Desemba 2019, inataka maktaba ya glib kuanzia 2.48. Ubuntu 16.04 ina glib 2.48. Inakubali Python 3.5, nayo unayo. Inakubali GCC ya zamani kuliko hiyo uliyonayo. Na RISC-V imo. Yaani toleo hilo na mfumo huo ni mtu na shemeji yake. Dakika kumi za kusoma zinakuokolea usiku mzima wa kuhangaika.

Tahadhari lakini: kurudi nyuma nako kuna mipaka. Ukichukua QEMU ya zamani kama 2.10 ukaipeleka kwenye Ubuntu 18.04, inagoma kwa kulalamikia memfd_create, kwamba imetangazwa mara mbili. Sababu ni kwamba glibc 2.27 iliyomo humo ilileta kazi yenye jina hilo hilo ambalo QEMU ilikuwa imejitengenezea yenyewe. Majina mawili yamegongana, basi. Ukilijua hilo unapanda toleo la mbele zaidi na safari inaendelea. Usipolijua utaishia kumlaumu mchina aliyetengeneza kompyuta.

Sasa tuje kwenye kusoma kosa lenyewe. Tabia yetu ni kuangalia mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho wa make karibu siku zote unasema Error 1 au Error 2, na huo haukuambii lolote zaidi ya kwamba kazi imekwama. Ni sawa na kuambiwa "mgonjwa amelala". Sababu iko juu, kwenye kosa la kwanza. Yanayofuata mengi ni watoto wa lile la kwanza. Kwa hiyo hifadhi maandishi yote kwenye faili, make 2>&1 | tee kompaili.log, kisha fungua faili na utafute neno "error:" kuanzia juu. Kama ulikuwa unakompaili kwa kazi nyingi kwa mpigo, maandishi yanachanganyikana, hivyo rudia make bila -j ili kosa lisimame peke yake. Na kama iligoma mapema kwenye configure, tazama config.log.

Ukisoma namna hiyo utagundua makosa yote yale ya kutisha ni ya koo chache tu.

Ukoo wa kwanza ni wa kitu kilichokosekana. Inasema zlib check failed, au inakuambia inahitaji glib ya toleo fulani. Wengi wanabisha, "mbona zlib ninayo?" Unayo ya kuendeshea programu, huna heda za kukompailia. Kwenye Ubuntu pakiti hizo zinaishia na -dev: zlib1g-dev, libglib2.0-dev, libpixman-1-dev. Weka hizo tatu na nusu ya kilio imekwisha. Ndugu yake yuko kwenye VirtualBox, ile inayokataa kuwasha mashine pepe mpaka upate heda za kerneli yako. Sharti ziwe za kerneli unayoitumia sasa hivi. Uname -r inakuonyesha ni ipi.

Ukoo wa pili ni wa memori. Unaona internal compiler error: Killed. Mtu anaposoma maneno "kosa la ndani la kompaila" anaanza kuitafuta kompaila nyingine. Hapana mzee. Neno la kusoma ni lile la mwisho, Killed, yaani kauawa. Kerneli imeona memori imekwisha ikachagua wa kumuua, na bahati mbaya ikamwangukia kompaila. Umeandika make -j8 kwenye mashine ya GB 2 huku Firefox iko wazi na muziki unapiga, ulitegemea nini? Funga vitu, tumia make -j1 au -j2, ongeza swapu. Halafu usikompaili dunia nzima. QEMU ikiachwa yenyewe inajenga uigaji wa prosesa za kila aina hata ambazo hutazigusa maisha yako yote. Iambie --target-list=x86_64-softmmu,riscv64-softmmu, inajenga hizo mbili tu.

Ukoo wa tatu ni wa saa, na huu ni wetu sisi wa mashine za mtumba. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imekufa. Umeme ukikatika, na Tukuyu mvua na radi zinapoamua hazimuulizi mtu, kompyuta inawaka ikidhani ni miaka ya nyuma huko. Make inaona faili zimetoka siku zijazo, inalalamika Clock skew detected, Your build may be incomplete. Intaneti nayo inakataa kwa sababu vyeti vya tovuti vinaonekana havijaanza kazi. Mtu anafomati diski nzima kwa ajili ya betri inayouzwa kwa hela ya vocha! Badili betri, rekebisha tarehe, endelea.

Vyeti hivyo vina ugomvi mwingine wa umri. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi mno, DST Root CA X3, kilifika mwisho wake. Mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa zikaanza kukataa tovuti nzima nzima. Dawa si kuzima ukaguzi wa vyeti kama wanavyoshauriana watu. Shusha msimbo kwenye kompyuta nyingine iliyo mpya, hakiki sahihi yake, uhamishe kwa flashi. Na uchukue furushi la tar badala ya kunakili kwa git, maana furushi linakuja na vipande vyake vingi ndani, bando lako linapona.

Ninachokichukia kuliko vyote ni hii tabia ya kunakili amri mahali bila kujua inafanya nini. Programu inasema inataka glibc mpya, mtu anatafuta amri, anaibandika, anabadilisha glibc ya mfumo mzima kwa mkono. Wadau, karibu kila programu kwenye Linux inaegemea glibc. Ukiiharibu, hata ls inakataa. Hapo sasa umeiua kompyuta kweli, na bado utasema ilikuwa mbovu. Kitu ulichokompaili mwenyewe kiweke pembeni, --prefix=/opt/qemu-4.2, kisiguse vya mfumo. Kikileta nongwa unafuta folda moja, maisha yanasonga.

Tena msidhani haya ni matatizo ya sisi maskini wa mashine za msaada. QEMU yenyewe, aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, kwa miaka mingi iligoma kukompailiwa na GCC 4. Ilitaka GCC 3 ya zamani. Sababu ni kwamba ilikuwa inakata vipande vya msimbo uliokwisha kompailiwa na kuviunga upya mashine ikiwa inaendesha, na GCC 4 ilivipanga vipande hivyo kwa namna nyingine. Kwa hiyo watu wenye kompyuta mpya kabisa, huko Ulaya na Marekani, walikuwa wanahangaika kutafuta kompaila kuukuu. Tatizo lilikwisha lilipotoka toleo 0.10, Machi 2009, baada ya Bellard kuandika upya sehemu hiyo. Yaani kugongana kwa umri wa programu na umri wa mfumo ni jambo la kawaida la kazi hii. Anayelishangaa ni yule asiyesoma.

Najua kuna watakaonijibu, "bora kununua laptop mpya, muda ni mali". Nakubaliana nao nusu. Mwenye hela anunue, wala simwonei wivu (kidogo tu). Na kuna mashine ambazo kweli umri umezikataa. VirtualBox iliacha kukaa kwenye mifumo ya biti 32 kuanzia toleo 6.0 la Desemba 2018, na toleo 6.1 la mwaka uliofuata likataka prosesa yenye uwezo wa mashine pepe, bila hivyo hakuna. Ukiwa na Pentium 4 isiyo na vmx, QEMU itaiga kila kitu kwa programu tupu na utasubiri mpaka ndizi ziive. Hapo useme ukweli, usimpe mwalimu matumaini hewa. Pia Ubuntu 16.04 ilifikia mwisho wa matengenezo yake ya kawaida Aprili 2021, kwa hiyo mashine hizo zisiachwe wazi kwenye intaneti wala zisiwekewe nywila za benki. Ziwe maabara ya ndani, zinaongea zenyewe. Kwa kazi hiyo ziko imara, na kwa baridi la kwetu hata kuchemka hazichemki. Adui ni unyevu tu.

Lakini nusu ya pili siikubali. Laptop mpya haikufundishi kusoma kosa. Ukizoea kwamba dawa ya kila kosa ni mashine mpya, utafanya nini siku umeajiriwa halmashauri na seva ya pale ina miaka kumi na mbili? Utaandika ripoti kwamba inunuliwe nyingine, na hela hakuna. Jungu kuu halikosi ukoko wadau, ila ukoko unaupata kwa kukwangua.

Kuna jingine tusilolisema. Ujumbe wa makosa umeandikwa Kiingereza, tena kile cha mkato, na wengi wetu tunauogopa kabla hatujausoma. Mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Kama hilo liliwezekana, sisi tunashindwaje kuandika kwa Kiswahili maana ya makosa ishirini tunayokutana nayo kila muhula?

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji mfadhili. Kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari moja, la karatasi, lisilohitaji umeme. Ukipata kosa andika tarehe, mfumo na toleo lake, programu na toleo lake, kosa la kwanza neno kwa neno, na kilicholitatua. Pembeni kuwe na flashi yenye furushi za msimbo na pakiti zilizothibitika kukubaliana na mashine za chumba hicho. Anayekuja baada yako aanzie ulipoishia wewe, asianze kuchimba kisima kipya kila muhula. Pale Rungwe daftari limeshaanza, na mstari wake wa kwanza ni kvm: disabled by bios, na chini yake mwalimu kaandika kwa Kiswahili nini cha kufanya.

Hapa kampasi bado hatuna daftari hata moja. Nani analeta la kwanza? Asiyekubaliana nami aje na hoja, ila aje na log yake kamili, sio mstari wa mwisho.